Hatumlilii Aliye Hai

Peckham, London
12 Januari 2025

Kwako Shangazi Euphrasie,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na masista wenzako, na kwamba ile mashine yenu ya kuokea hostia za misa imeshapona. Heri ya Mwaka Mpya, ingawa mpaka uisome hii mwaka utakuwa umeshaanza kuzeeka. Sisi huku tunasukuma siku. Nathanaël ameanza chuo, anasomea umeme. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila majibu yanatoka kwa Kiingereza, mpaka Baba amempa jina la Mzungu wa Uvira. Mimi bado nahudumia wazee majumbani kwao: namwamsha huyu, namwogesha, nampa dawa zake, halafu nakimbilia basi kwenda kwa mwingine. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Baba anakusalimu.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kuandika. Kuna kikundi cha waigizaji ambacho kila kiangazi hujenga jukwaa la mbao katikati ya bustani, huku huku kusini mwa London, na kuigiza michezo ya kale, ile ya wafalme na malkia na majemadari. Watu wa hapa husomeshwa michezo hiyo shuleni mpaka wakaichukia, halafu wakizeeka wanalipa kiingilio kuitazama. Jukwaa halina paa. Mvua ikinyesha waigizaji wanalowa, watazamaji wanavaa makoti ya plastiki, na mchezo unaendelea kama vile hakuna kitu. Wanachukua watu kumi na wawili tu kwa msimu mzima. Usaili ni Februari, na mimi nimeitwa.

Shangazi, unajua nimekuwa nikiigiza jioni na mwisho wa wiki kwa miaka sasa. Nimeshakuwa mjakazi, muuguzi, mjakazi tena, na mara moja nilikuwa maiti. Safari hii naomba kuwa malkia. Kuna malkia ambaye baba yake amekwenda vitani kwa ajili yake, na mjumbe anakuja kumwambia mzee hatarudi. Anatakiwa amlilie pale pale, mbele ya baraza zima. Nikilipata hilo sitaomba kitu kingine mwaka huu.

Baba ndiye mwalimu wangu. Anashika karatasi na kusoma maneno ya mjumbe, lakini anayasoma kama anasoma waraka wa Mtakatifu Paulo kanisani, na akimaliza anataka kusema «Neno la Bwana». Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Ila kulia kwenyewe kunanishinda. Natoa machozi, Baba anatikisa kichwa. Ananiambia, kwa Kiswahili chake cha Uvira, «Unalia kama mutu wa televisheni. Muulize Euphrasie. Yeye njo alijua kulia.»

Basi nakuuliza. Nifundishe.

Ni mimi binti wa kaka yako,
Miradie


Monasteri, Kigoma
3 Februari 2025

Mwanangu Miradie,

Marahaba, na Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili wakati wa mapumziko, na masista wamesikia habari za makoti ya plastiki na kucheka. Mashine ya hostia ilipata fundi. Fundi alituambia ni nzee kuliko yeye, ikabidi tuiombee hiyo mashine badala ya kumlaumu fundi. Sista Gaudensia, aliyekuwa akikubeba mgongoni mlipokuja kuniaga, amefumba macho siku ya Epifania. Tumemzika nyuma ya kanisa kimya kimya, kama ilivyo desturi yetu sisi watawa tusiotoka nje ya ukuta. Hapa hakuna mayowe. Zaburi, udongo, basi.

Kabla ya malkia wako, nina neno. Albert amezoea kuniandikia mstari mmoja mwishoni mwa barua yako, hata kama ni wa kuuliza nimenenepa kiasi gani. Safari hii sikuuona. «Baba anakusalimu» ni salamu ya mtu aliyeagizwa kusema, siyo ya kaka yangu. Ana nini?

Haya, kulia. Wewe unaanzia mwisho, ndiyo maana unashindwa. Anayeanza na machozi hafiki mbali. Mwanamke wa kwetu anaanza kwa kumwita marehemu: jina lake, la baba yake, la babu yake, ili ajue ni yeye anayeitwa na si mwingine. Halafu anamgombeza. Umeondoka bila kuaga. Umeniacha na nani? Nani atanifungulia mlango nikirudi usiku? Anataja alichopenda kula na alichokataa kula. Anataja na makosa yake, maana msiba si mahali pa kumsifu mtu ambaye hajawahi kuwepo. Machozi yatakuja yenyewe huko mbele ya safari, hayahitaji kubembelezwa. Zamani watu walitoka mtaa wa pili kuja kusikiliza wanawake wa ukoo wetu, na mimi nilikuwa mmoja wao kabla sijachagua ukimya.

Ila shika moja. Usitaje jina la mtu aliye hai. Hatumlilii aliye hai, ni uchuro. Huyo mfalme mtungie jina.

Na jingine: Jumatano ya Majivu ni tarehe tano Machi. Kuanzia hapo mpaka Pasaka hatuandiki barua wala hatupewi. Zikifika, Mama Mkuu anazifungia kabatini. Simu ya mlangoni ipo, lakini hiyo ni ya misiba na ya askofu. Ukiwa na jambo la kuniambia, hasa lile nililokuuliza, liharakishe.

Mungu akuvalishe taji,
Shangazi yako Euphrasie


Peckham
2 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hii itakaa kabatini mwa Mama Mkuu mpaka Pasaka, najua. Labda ndiyo maana nimepata nguvu ya kuiandika. Nathanaël ni mzima. Pole kwa Sista Gaudensia, namkumbuka kwa mikono yake iliyonuka unga.

Uliuliza Baba ana nini. Ana ugonjwa wa mapafu, Shangazi, na umeshatembea kwenda kwingine. Tulijua tangu Novemba. Alinikataza nisikuandikie. Alisema, «Ukimuambia ataanza kufunga chakula, na yeye njo mwembamba tayari.» Ule mstari wake haukuwepo kwa sababu mkono ulikuwa unamtetemeka, na hakutaka uuone mwandiko.

Usaili wa kwanza ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa moja, watu wamejipanga ukutani wakinong'ona na karatasi zao kama wanaokwenda kuungama. Nilikaa karibu na binti mmoja wa Kihindi kutoka Rayners Lane, anaitwa Tejal. Bibi yake alizaliwa Kisumu, kwa hiyo Tejal anajua «pole pole», «sukari», na tusi moja ambalo sitaliandika kwenye barua ya monasteri. Na yeye anamtaka malkia huyo huyo. Tuligawana biskuti zake, tukatakiana heri kwa uongo mtamu. Sote wawili tuliitwa raundi ya pili.

Raundi ya pili ilikuwa jana. Alfajiri ya jana Baba alishindwa kupumua, tukampeleka hospitali. Nilitaka kubaki. Alinifukuza kwa mkono, maana sauti hakuwa nayo. Nikaenda na nguo niliyolala nayo.

Mwongozaji anaitwa Hemal, mtu mpole, anasikiliza akiwa amefumba macho. Nilianza kwa Kiingereza, akanisimamisha. Akasema, «Namwona malkia. Baba yake simwoni. Ingekuwa kweli, ungelia kwa lugha gani?» Nikamwambia Kiswahili. Akasema, «Basi fanya hivyo.»

Nilikuwa na jina la kutunga, Shangazi. Nilikuwa nimelichagua kwenye basi kama ulivyoniagiza. Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema Albert. Albert wa Kashindi wa Mulonda. Nikamwita yeye, nikamgombeza, nikamuuliza ameniacha na nani. Nikataja ndagala, zile dagaa za ziwani anazozichemsha mpaka nyumba nzima inanuka, nikataja jinsi anavyosoma maneno ya mjumbe. Sijui ilichukua muda gani. Nilipomaliza, wenzake Hemal wenye kalamu walikuwa wanaandika.

Na linaloniuma siyo kwamba nilisahau. Pale pale nilijua nimefanya vizuri. Kuna mahali ndani yangu palikuwa panasikiliza sauti yangu na kusema: hapo hapo, shikilia. Baba yangu yuko kitandani na mpira wa hewa puani, na mimi namlilia kwa jina lake, na najisikia vizuri.

Uliniambia ni uchuro. Naogopa.

Miradie


Peckham
19 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo tena, kwa kabati. Masista na wawe wazima. Nathanaël analala sebuleni ili awe karibu na simu.

Nimeipata nafasi. Mimi ndiye malkia.

Hemal alinipigia mwenyewe. Anataka kilio kiwe kwa Kiswahili, vile vile, mbele ya watu wote wa bustani. Mazoezi yanaanza baada ya tarehe mosi Mei, mchezo wenyewe ni Julai. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za mgonjwa wangu mpaka akaniita kutoka ndani kuuliza kama nimeibiwa.

Baba amefurahi kuliko mimi. Amemwambia muuguzi, amemwambia mama anayepiga deki, amemwambia mzee wa kitanda cha pili ambaye hasikii. Halafu akanigeukia mimi.

«Unionyeshe vile ulilia.»

Nikasema nimechoka.

«Basi kesho. Miye nitasoma mujumbe.»

Kesho yake alikuwa ameniwekea kiti. Alikuwa ameomba wamwinue kwa mito, karatasi iko mapajani, miwani iko puani. Alisoma maneno yote ya mjumbe, akivuta pumzi kila baada ya neno la tatu, na alipofika mwisho hakufanya mzaha wa «Neno la Bwana». Alinitazama, akisubiri zamu yangu.

Ningefanyaje? Nimtajie jina lake usoni? Nimwambie umeniacha na nani, naye ananiangalia? Nilimdanganya kwamba tumekatazwa kuonyesha watu wa nje kabla ya kiangazi.

Akasema, «Kiangazi iko mbali, Miradie.»

Aliomba tena jana. Tena leo. Kila siku namnyima, na kila siku karatasi iko mapajani. Sijawahi kumnyima Baba kitu. Natamani ungekuwa na simu mfukoni kama watu wengine.

Miradie


Peckham
6 Aprili 2025

Shangazi Euphrasie,

Baba amefariki. Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na saba Machi, asubuhi, mimi na Nathanaël tukiwa naye. Tumemzika juzi.

Nathanaël alitaka kupiga simu ya mlangoni. Mimi ndiye niliyemkatalia, kwa sababu Baba alituapisha. «Musimuambie Euphrasie mbele ya Pasaka. Mumuachie Kwaresima yake.» Nisamehe kama tumekosea. Yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye maana, mengine yalikuwa ya kuomba maji.

Jumuiya yetu ilikuja yote. Wanawake walikaa chini ukumbini, wakaniachia nafasi katikati, maana binti mkubwa ndiye anayefungua kilio. Nilikaa. Wakasubiri. Kila nilipotaka kumwita, nilikumbuka kwamba nilishamwita, akiwa hai, mbele ya watu wenye kalamu, na nikapewa kazi kwa hilo. Kilio chake nilikitumia. Mwishowe Mama Gloire, mmoja wao, akaanza yeye. Baadaye nikamsikia jikoni, tena hakupunguza sauti: «Analilia Wazungu kwa mshahara, baba yake anamunyima hata chozi.» Hata makaburini, Nathanaël alisema «Lala salama, Baba», kwa Kiswahili, huyo mtoto ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili. Mimi hata hilo sikuweza.

Nimemwandikia Hemal kwamba nimejitoa. Amejibu kwamba ataniwekea nafasi mpaka siku ya kwanza ya mazoezi, halafu itabidi ampe mtu. Ampe tu.

Nilimuua, Shangazi? Niambie ukweli. Wewe huwezi kunidanganya, umeapa.

Miradie


Monasteri, Kigoma
22 Aprili 2025

Mwanangu, mwanangu,

Leo sina salamu nyingi.

Mama Mkuu alinipa barua zako jana, Jumatatu ya Pasaka, tatu zimefungwa kwa uzi. Nilizisoma kwenye benchi la jikoni. Ya kwanza nilianza kwa kucheka, kwa lile tusi la bibi wa Kisumu. Ya pili nilimwita sista wa karibu nimwonyeshe kwamba wewe ni malkia. Yeye alikuwa bado anapiga makofi nilipofungua ya tatu.

Albert. Kaka yangu Albert. Nimeimba Aleluya siku mbili nzima, naye alikuwa chini ya udongo wa huko.

Sasa nisikilize, na usiruke mstari.

Vita vya Kongo vilipofika kwetu Uvira mwaka wa tisini na sita, tulikimbia kila mtu na njia yake. Mimi nilivuka ziwa na mama yangu. Albert alibaki nyuma. Tukiwa kambini huku Kigoma, akaja mtu wa mtaa wetu akasema amemwona Albert barabarani, amelala, na hakuwa amelala usingizi. Basi nikamlilia. Nilimlilia kwa siku tisa, Albert wa Kashindi, nikamgombeza, nikamtajia ndagala zake, mpaka watu wa mahema ya mbali walikuja kukaa na sisi. Kilikuwa kilio kizuri kuliko vyote nilivyowahi kulia, na nilijua ni kizuri. Unanielewa? Na mimi nilikuwa najisikiliza. Kila anayejua kulia anajisikiliza. Ndivyo ilivyo, na haimpunguzii marehemu kitu.

Mvua za Februari zilipoanza, Albert akaingia kambini kwa miguu, mwembamba, na kiatu kimoja.

Jambo la kwanza aliloniomba baada ya maji ni hili: «Nasikia mulinililia. Unionyeshe.» Mama alipiga kelele, akasema ni uchuro. Albert akakaa kwenye ndoo, akakataa kula mpaka nimwonyeshe. Nikamlilia tena, yeye akiwa mbele yangu na sahani mkononi. Alicheka, Miradie. Alicheka na kulia pamoja mpaka akapaliwa. Halafu akanikemea kwamba nimesahau kumtaja babu Mulonda. Miaka yote iliyofuata, akinitania, alisema yeye ni mtu wa pekee duniani anayejua msiba wake ulivyokuwa. Aliishi, akaoa, akakuzaa wewe, akamzaa Nathanaël, akapanda ndege. Kama kilio kingeua, kingemuua mwaka ule. Kilichomuua ni mapafu.

Ile sentensi ya uchuro niliiandika kama watu wanavyosema usikae mlangoni, usipige mluzi usiku. Mkono uliandika, mimi nilikuwa nawaza mengine. Laiti ningekuandikia kisa hiki badala yake. Alipokwambia wewe unionyeshe, hakuwa anaomba kitu kibaya. Alikuwa anaomba akisikie tena kilio chake.

Najua hilo litakuuma kuliko ulivyoumia. Nimelia kabla ya kuliandika, nikaona afadhali likuume likiwa kweli.

Nenda ukachukue nafasi yako kwa Hemal. Na umlilie kaka yangu. Mimi hapa siwezi. Nimepewa zaburi na benchi la kanisa, na usiku nilijiziba mdomo kwa shuka ili nisiwaamshe wenzangu. Ulie na sehemu yangu.

Shangazi yako,
Euphrasie


Peckham
18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Nilipaswa kuanza na hilo barua iliyopita, nikaanza na mimi.

Barua yako imefika jana. Mazoezi yalianza tarehe sita. Nilimpigia Hemal hata hivyo, nikiwa nimesimama nje ya duka la nywele hapa mtaani, watu wananipita. Akasema Tejal ameshapimwa nguo za malkia.

Sina kinyongo na Tejal. Alinipigia mwenyewe jioni, akaomba nimfundishe kile kilio, anasema alikisikia siku ile kupitia mlangoni na hajakisahau. Nikamwambia siwezi. Hakunisumbua.

Barua yako yenye kisa cha Baba na ile ndoo iko mfukoni mwangu. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Alikuwa amesharekebisha mito. Alikuwa amevaa miwani. Ningemlilia akacheka, muuguzi angekuja kuuliza kuna nini, tungekuwa na siku hiyo. Alikuwa anaomba zawadi aliyoijua ladha yake, na mimi nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza.

Bado silii. Nimejaribu bafuni na maji yakiwa wazi. Hakitoki kitu.

Nathanaël anakusalimu. Ameandika mwenyewe hapa chini, usimcheke.

Miradie

Shikamo shangazi. Pole na baba. Mimi mzima. Nathanaël.


Monasteri, Kigoma
9 Juni 2025

Miradie, mwanangu,

Sina dawa ya hilo. Ningekuwa nayo ningejipa mwenyewe kwanza. Nakula, naoka hostia, nachoma moja moja kwa kusahau, na Mama Mkuu anaziondoa mwenyewe.

Nenda ukamtazame huyo Tejal. Usiende kwa ajili ya mchezo. Ukumbi wa msiba ulikushinda, na bafu limekushinda. Huenda palipo wazi ukapumua.

Mwambie Nathanaël nimemcheka kidogo tu, na karatasi yake iko ndani ya kitabu changu cha sala.

Euphrasie


Peckham
14 Julai 2025

Kwako Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi ni wazima. London ina joto la kutukanana, watu wamelala kwenye nyasi kama waliopigwa risasi. Nathanaël amefaulu mitihani yake ya umeme na sasa hakuna taa ndani ya nyumba inayopumzika.

Tulikwenda juzi, mimi na yeye. Tejal alituachia tiketi mbili mlangoni. Tulitandika blanketi karibu na katikati, watu wametuzunguka na vikapu vya chakula na chupa zao za mvinyo. Mbwa mmoja alikuwa amevalishwa kofia. Jua lilikuwa bado liko juu. Nilijiambia nitatazama kazi ya wenzangu, basi.

Mjumbe aliingia. Kijana mzuri, anasoma vizuri, hakuna Mtakatifu Paulo hata kidogo. Tejal akaanza kumlilia baba yake kwa Kiingereza, na alikuwa anafanya vyema, nikawa namwonea fahari. Kisha akasimama, na akasema kwa Kiswahili, kwa ile lafudhi ya Rayners Lane: «Umeniacha na nani?»

Ni hayo tu aliyoyabeba kutoka mlangoni siku ile. Bibi yake alimfafanulia.

Na mimi nikamjibu, Shangazi. Sikuamua. Nilijikuta nimesimama kwenye blanketi nikiita. Albert! Albert wa Kashindi wa Mulonda! Nathanaël alinivuta sketi, akasema, «Miradie, sit down, everyone's looking.» Sikukaa, na kweli walikuwa wanatazama. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo, wakageuza viti vyao vizuri wanione. Nikamgombeza. Nikamwambia umeniwekea kiti, umeweka mito, umesoma maneno yako yote, mimi nikakunyima, basi chukua sasa. Nikataja ndagala. Nikamtaja na ukali wake kwa Nathanaël, na jinsi alivyoficha mwandiko wake usiuone unavyotetemeka. Hakuna sauti iliyokuwa ndani yangu ikisema shikilia. Ilitoka vibaya, imekwaruza, kamasi zinanitoka. Baba angesema hicho si cha televisheni.

Tejal hakuendelea. Alikuwa mbele ya watu mia kadhaa, katikati ya maneno yake, na alikaa chini pale jukwaani, akasubiri. Yule mjumbe naye akapiga goti, hakujua afanye nini kingine. Hakuna aliyekuja kunitoa.

Nilipomaliza kwa upande wangu, niliendelea kwa upande wako. Nilimwambia: Albert, Euphrasie anakuita. Yuko ndani ya ukuta ambamo hawaruhusu mayowe. Alikulilia ukarudi kwa miguu. Safari hii anakulilia kupitia mdomo wangu, na hutarudi.

Hapo Nathanaël akaacha kunivuta, akasimama, akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima mbele za watu.

Basi ndiyo hivyo. Tulikaa. Mama mmoja wa blanketi la jirani alinipa kitambaa cha meza. Tejal aliinuka akamaliza mchezo, na mwisho watu walimpigia makofi yeye, kama inavyostahili. Sisi tulikunja blanketi letu tukaenda kusubiri basi.

Kaka yako ameshaliliwa, Shangazi. Kula. Lala.

Akupendaye,
Miradie